Nyevu na Friza ya Bi Mwanasaumu

Ukikutana na Nyevu Masha pale Mtopanga ukamuuliza mambo yake yaendaje, atakujibu, "Hivyo hivyo tu, twasukuma." Mkute anaumwa na jino, shavu limevimba, ni hivyo hivyo. Mkute amemaliza kuuza kila alichotoka nacho, ndoo tupu inamgonga magotini, ni hivyo hivyo pia. Siku alipojifungua bintiye salama salimini, muuguzi alimuuliza anajisikiaje, naye akatoa jibu lake lile lile kwa sauti ya chini. Muuguzi akashtuka, akakimbia kumwita daktari.

Si kwamba Nyevu ni mwongo. Ni malezi. Kwao ni Bamba, Wagiriama waliohamia Utange yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na kwao mtu hasimami mbele za watu akasema nimepata. Mahindi yakikubali shambani, mama yake husema wamepata ya uji. Mbuzi akizaa mapacha, jirani haambiwi mpaka wale wana-mbuzi waanze kuonekana wenyewe njiani. Kujisifu ni kualika jicho la watu, na jicho likishakuangukia hujui litaanzia wapi. Wala Wagiriama hawako peke yao katika hili. Muulize mwenye maduka matatu pale Kongowea biashara ikoje, atakukunjia uso kama aliyefiwa. Sisi watu wa pwani tuna heri zetu tunazozificha uvunguni, na tukiulizwa tunasema twashukuru.

Sasa tabia hiyo haikuwahi kumdhuru Nyevu hata siku moja, mpaka ilipokuja habari ya friza.

Nyevu anauza ashkrimu. Si zile za gari linalopiga muziki, ni hizi zetu: maji mazito ya ubuyu, ya ukwaju au ya embe, yanatiwa kwenye vikombe vidogo vya plastiki, kijiti kinachomekwa katikati, kisha yanagandishwa. Ya ubuyu huitia tui la nazi na iliki, na hapo ndipo watoto wa Mtopanga wanapomtambua. Alianza kazi hiyo baada ya tajiri wake wa Nyali, aliyekuwa akimfulia na kumpikia, kuhama na familia yake. Kabla ya hapo aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba, na mwenye mimba yake akaenda kutafuta kazi Malindi, na hadi leo inaonekana bado anaitafuta. Nyevu hakukaa kulia. Alikuwa na mtoto wa kulisha, basi akanunua ubuyu.

Alichokosa ni mahali pa kugandisha. Chumba chake ni kimoja cha kupanga, na mwenye nyumba haruhusu hata pasi. Ndipo akaenda kubisha hodi kwa Bi Mwanasaumu, mjane wa ua wa pili, mwenye friza kubwa nyeupe sebuleni iliyoletwa na mwanawe aliyeko Saudia. Bi Mwanasaumu alimtazama juu hadi chini, akamuuliza kama amekwisha kunywa chai. Tangu siku hiyo Nyevu akapewa nusu ya friza, akawa anachangia umeme, na kila alfajiri anaingia pale na ndoo yake.

Ila friza ya mtu ni ya mtu. Ikifika Idi, nyama inajaa mpaka juu na Nyevu anafunga biashara kwa wiki nzima. Wakija wageni kutoka Lamu na kapu la samaki, basi ashkrimu za embe zinatoka na harufu ya changu. Watoto wa mtaa hawana aibu. "Dada Nyevu, ya leo ni ya embe ama ya papa?" wanamuuliza, na Nyevu anacheka nao huku moyo unamuuma. Alitaka friza yake mwenyewe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hakumwambia mtu, bila shaka.

Habari za mafunzo alizisikia kanisani. Shirika moja lilikuwa linawatafuta wasichana wa Kisauni wenye biashara ndogo, hasa wale walioacha shule au wanaolea watoto peke yao, liwafundishe namna ya kuendesha biashara. Mwishoni, waliofanya vizuri wangepewa vifaa vya kazi zao: cherehani kwa mshonaji, jiko kubwa kwa mpishi. Nyevu aliuliza kwa upole kama vifaa hivyo ni pamoja na friza. Akaambiwa friza zipo, lakini ni mbili tu. Akajiandikisha siku hiyo hiyo.

Walikutana kwenye ukumbi wa kanisa Bombolulu, Jumanne na Alhamisi alasiri. Mwalimu wao alikuwa Velma, mwanamke mrefu wa Kakamega aliyekulia Nairobi, mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Siku ya kwanza alipiga makofi akasema, "Wasichana, hapa hatujakuja kupiga stori. Mkitoka hapa kila mtu ajue hii kazi anafanya ni biashara, si kupitisha wakati." Wenzake Nyevu walikuwa wa kila aina. Alikuwako msusi wa nywele, mshona mito, na Lynnette, binti wa Kitale aliyekuwa akiuza chapati karibu na stendi ya Bombolulu. Lynnette alikuwa na mdomo. Alipojitambulisha alisema chapati zake zinajulikana mpaka Mtwapa, na Nyevu akainamisha kichwa kwa niaba yake, kwa aibu.

Nikwambie ukweli, mambo ya mafunzo mengi huingia sikio hili yakatokea lile. Haya hayakutoka. Velma aliwauliza wanajilipa mshahara gani, na Nyevu akadhani ni utani. "Nilipwe na nani?" aliuliza. Velma akamwambia kama angemfanyia tajiri kazi hiyo angedai kulipwa, basi kwa nini ajidhulumu mwenyewe? Nyevu alirudi nyumbani akiwa amekasirika, na hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa miaka yote ile ya kujitumikisha bure.

Lakini somo lililombadilisha lilikuwa la kalenda. Velma aliwagawia karatasi kubwa ya mwaka mzima, akawaambia waweke alama siku watu wanaponunua na siku wasiponunua, na waandike sababu. Nyevu aliandika bila kuinua kichwa. Joto la Januari hadi Machi, watu wananunua mpaka wanagombana. Mvua za Mei, hakuna. Mwezi wa Ramadhani mchana usijisumbue, lakini baada ya futari watoto wanatoka wakiwa na hamu, na ukwaju ndio wanaoutaka. Wakati chuo cha Kurani kinapotoa watoto saa kumi, simama karibu na chuo. Ijumaa, msikitini baada ya sala. Jumapili, nje ya kanisa, lakini subiri mpaka mchungaji amalize matangazo. Alikuwa ameyajua haya kwa miguu yake, akitembea jua kali na ndoo, ila hakuwahi kuyaona yamekaa pamoja mahali pamoja. Alipomaliza aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kumbe alikuwa akiwakimbilia wateja ambao angeweza kuwasubiri.

Basi akaacha kutembea ovyo. Akaacha zile ladha nyingine alizokuwa akijaribu, akabaki na tatu anazoziweza. Akaacha kumpa nyongeza kila anayemwita "dada mzuri," na hilo ndilo lililomgharimu zaidi moyoni. Haikupita muda, maduka mawili ya Utange yakamwomba awapelekee kila siku, na mama mmoja wa Mtopanga akamtaka aandae ashkrimu za harusi ya bintiye. Kote huko ikambidi akatae. Nusu ya friza ya Bi Mwanasaumu haikutosha.

"Unaona sasa?" Velma alimwambia. "Wewe shida yako si wateja. Shida yako ni friza tu. Wageni wakikuja kukutembelea, waambie hivyo. Usiache kitu. Jiuze."

Hao wageni wa shirika ndio waliokuwa wakiamua nani apewe nini. Wangewatembelea wasichana mmoja mmoja mahali pao pa kazi, wawaulize maswali, kisha waende kuketi na kuchagua. Nyevu akakusudia. Asubuhi moja, wakati anajaza vikombe kwenye meza ya Bi Mwanasaumu, akaanza kufanya mazoezi kwa sauti. "Mimi ni mfanyabiashara hodari," alisema, "na nina wateja wengi."

Bi Mwanasaumu nusura amwagikiwe na chai. "Wee Nyevu! Wasema nini?"

"Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha, Mama."

"Audhubillahi. Kusimama mbele ya watu wasiokujua ukajitaja hivyo! Wataka kujitia jicho mwanangu?" Akaweka kikombe chini. "Sema tu kwamba wajaribu, kwa uwezo wa Mungu. Watu wenye akili watafahamu."

Nyevu akaona lina maana. Mazoezi yakaishia hapo.

Wageni walifika siku ya Jumatano. Aliyewaongoza aliitwa Gershom, mzee wa bara mwenye shati lililochomekwa vizuri, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi mpaka akastaafu. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki wana matatizo yao: aliamini kile alichoambiwa. Alimkuta Nyevu sebuleni kwa Bi Mwanasaumu, friza imefunguliwa, vikombe vimepangwa safi.

"Habari ya biashara, dada?" aliuliza Bwana Gershom.

Nyevu alikuwa na maneno yote tayari kifuani. Akafungua mdomo. "Hivyo hivyo tu," akasema. "Twasukuma."

"Wateja wako?"

"Wapo wapo."

"Ukipewa friza, utaweza kuijaza?"

Ubuyu wote ule, maduka mawili ya Utange, harusi aliyoikataa, vyote vilikuwa nyuma ya ulimi wake. "Tutajaribu," akasema, akatazama vidole vyake.

Bwana Gershom akamgeukia Bi Mwanasaumu. "Na wewe mama, umemwona kwa muda mrefu. Hii kazi anaiweza?"

Bi Mwanasaumu akacheka kidogo, akavuta mtandio wake. "Mwanangu huyu? Ah, ni mtoto bado. Ahangaika tu, ajaribu jaribu."

Nyevu hakuudhika hata chembe. Alisikia raha. Hivyo ndivyo mama anavyomfunika mtoto wake mbele ya wageni, na mtu yeyote wa Mombasa angetafsiri maneno yale kuwa ni sifa. Bwana Gershom hakuwa wa Mombasa. Aliandika alichosikia, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Alhamisi majina yakasomwa. Lynnette alipata jiko lake kubwa, akaruka juu mpaka kiatu kikatoka. Msusi alipata viti. Friza moja ikaenda kwa msichana anayeuza juisi. Jina la Nyevu halikusomwa kabisa. Alipiga makofi kwa kila aliyetajwa, na alipomaliza kupiga makofi akaenda nje nyuma ya ukumbi, akalia kilio cha kweli kweli, kile cha kuvuta pumzi.

Velma akamfuata huko. "Nyevu, manze, ulifanya nini?" Alikuwa amekasirika, na machozi yake yalikuwa karibu pia. "Unajua vile nilikuwa nimekusifu kwa hao watu? Bwana Gershom anasema ulimwambia biashara ni ya kusukuma. Akauliza jirani, jirani akasema wewe ni mtoto unajaribu. Sasa angefanya nini?"

"Huwa tunasema hivyo, Mwalimu."

"Kwa nini?"

Nyevu alijaribu kueleza habari ya jicho, mbuzi mapacha na mahindi ya uji. Velma alimsikiliza mpaka mwisho, akaketi kando yake kwenye tofali. "Kwetu mtu akipata ng'ombe anazungusha kijiji kizima wamwone," alisema. Wakacheka wote wawili, japo haikuwa siku ya kucheka. Kisha Velma akamwambia kwamba friza ya pili haijapewa mtu bado. Siku ya kufunga mafunzo, waliokosa wangeruhusiwa kusimama mbele ya wote waseme kwa nini wafikiriwe, na kila mmoja aje na shahidi mmoja anayeijua kazi yake.

Jioni hiyo Nyevu alimweleza Bi Mwanasaumu yote, hakuficha neno. Alimwomba awe shahidi wake. Bi Mwanasaumu alikuwa anaosha vikombe. Aliendelea kukiosha kile kimoja alichokishika, akikizungusha kwenye maji ya sabuni, mpaka Nyevu akadhani hakusikia.

"Abee, nimesikia," alisema bila kugeuka. "Nitaona."

Baada ya hapo mambo yakawa baridi. Nyevu akibisha alfajiri anaambiwa mlango uko wazi, aingie tu. Bi Mwanasaumu hakutoka chumbani kuongea naye kama zamani, wala hakumuuliza bintiye anaendeleaje. Nyevu akaanza kujiuliza amekosea wapi. Labda kumwambia kwamba maneno yake yamemharibia kulikuwa utovu wa adabu. Mtu mzima haambiwi hivyo, na mtu mzima aliyekukaribisha nyumbani mwake ndiyo kabisa. Alijilaumu wiki nzima, na aliona ni afadhali aikose friza kuliko kumkosa mwanamke yule.

Siku ya kufunga ikafika. Ukumbi ulipambwa, biriani likapikwa nyuma, wazazi wakaja na leso zao za sikukuu. Nyevu alivaa rinda lake la bluu la kanisani akaketi mwisho, kiti cha kando yake kikiwa kitupu. Waliokosa wakaanza kuitwa. Mshona mito alisimama, akasema, shahidi wake akasema. Nyevu hakusikia chochote kati ya hivyo, alikuwa akiangalia mlango.

"Nyevu Masha," akaita Velma.

Nyevu akasimama. Akafika mbele. Aliwatazama wale watu, Bwana Gershom katikati yao na kalamu yake, na maneno yakamkauka vile vile kama siku ile sebuleni. "Mimi nauza ashkrimu," akasema. Lynnette alimpungia mkono kutoka mstari wa pili, aendelee. Hakuendelea.

Hapo mlango ukafunguliwa, ikatangulia harufu ya udi, kisha akaingia Bi Mwanasaumu katika buibui lake jipya, akihema kwa kutembea haraka.

"Hodi jamani. Samahanini. Ni mimi shahidi wa huyu," alisema, akapita katikati ya viti moja kwa moja mpaka mbele, asisubiri kukaribishwa. Akamwamkia Bwana Gershom, akawaamkia wazazi, akauliza habari za jumla, maana haraka haimwondolei mtu adabu. Kisha akamshika Nyevu begani.

"Bwana, ulikuja kwangu ukaniuliza, nikakujibu uongo," alisema. "Nataka kuuondoa leo, mbele za watu."

"Nilikwambia huyu ni mtoto, ajaribu jaribu. Wallahi huyu si mtoto. Mimi nimezaa watano na sijapata kuona mtu mwenye kazi kama hii. Alfajiri mvua yanyesha, yupo. Yuwaumwa, yupo. Umeme umekatika siku nzima Kisauni yote, watu nyama zimewaharibikia, yeye kazifunika ashkrimu zake kwa magunia na barafu ya chumvi, jioni yuwauza kama kawaida. Na samaki zangu pia kanifunikia. Maduka ya Utange yamtaka, hana pa kugandishia, kwa sababu nusu ya friza imejaa vitu vyangu ambavyo vingine hata sivili." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nilisema vile kwa mazoea, ndivyo tusemavyo kwetu. Lakini nisidanganye mara ya pili. Nilisema kwa sababu nyingine pia. Watoto wangu wote wako mbali. Huyu ndiye mtu anayebisha kwangu kila siku. Nikaona akipata friza yake, hatabisha tena. Basi. Nimeona haya wiki nzima, sikuweza hata kumtazama usoni."

Nyevu alikuwa analia tena, lakini si kile kilio cha nyuma ya ukumbi. Kumbe hakuwa amechukiwa. Alimshika Bi Mwanasaumu mkono kwa nguvu, na mwenzake akaurudisha ule mshiko.

Bwana Gershom alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Asante, mama," alisema. "Lakini anayeomba friza ni huyu dada, si wewe, kwa hiyo lazima nimsikie yeye. Dada, haya aliyosema mama ni kweli?"

Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa tu. Ilikuwa rahisi zaidi kusema mama anazidisha, huko ndiko ulimi wake ulikokuwa ukimvuta. Nyevu aliogopa sana, na hakuogopa wale watu. Aliogopa kile kitu ambacho mama yake na bibi yake walikuwa wakikikwepa maisha yao yote kwa sauti ndogo. Akafikiria kikimwangukia bintiye. Akafikiria pia bintiye akiulizwa swali kama hili, miaka ijayo, akitazama vidole vyake.

"Ni kweli," akasema. "Kazi hii naiweza. Naiweza vizuri sana."

Akangoja. Hakuna kilichoanguka. Pangaboi liliendelea kuzunguka darini, mtoto mmoja akakohoa, na harufu ya biriani ikaingia dirishani kama kawaida.

"Tena mama hakusema yote," Nyevu akaongeza. "Hakusema habari ya harusi. Nilitakiwa niandae ashkrimu za harusi nzima, nikakataa kwa kukosa nafasi, na ile harusi walipewa soda za moto. Na ubuyu wangu hakuna anayeupika hivi Mtopanga, muulizeni yeyote. Natia tui bubu, lile zito la kwanza, kisha iliki nasaga mwenyewe, ile ya dukani haina kitu. Na Ramadhani ijayo nishajua nitasimama wapi. Na shule zikifungwa najua niende wapi. Kalenda yangu ninayo nyumbani, naweza kwenda kuileta sasa hivi." Akaendelea. Akaeleza ukwaju unavyochujwa. Akaeleza kwa nini vijiti vya mianzi ni bora kuliko vya plastiki. Akamtaja kwa jina mwenye duka wa Utange aliyemsumbua mara tatu akimtaka ampelekee mzigo. Velma alimvuta rinda kwa nyuma, hakusikia. Akamvuta tena.

"Basi, dada, basi!" alisema Bwana Gershom, naye sasa alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Friza ni yako. Waachie na wenzako waseme."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na Lynnette ndiye aliyepiga kikubwa kuliko vyote. Bi Mwanasaumu alikuwa akinong'ona mashallah, mashallah, bila kupumzika, akimpangusa Nyevu mabegani kama anayemkung'uta vumbi, ili sifa zote zile zisimdhuru. Wakarudi wakaketi pamoja mwisho wa ukumbi.

"Mashallah," alisema Bi Mwanasaumu. "Mungu akubariki nayo. Sasa utaiweka wapi, na mwenye nyumba wako hataki hata pasi?"

"Hilo nimelifikiria, Mama," alisema Nyevu, akasogea karibu. "Kile chumba chako cha mbele, alichokuwa akitengenezea redio marehemu mumeo, chenye mlango wa barabarani. Kimefungwa miaka yote. Nataka kukipanga. Niweke friza pale, niweke na meza, wateja wanijie wenyewe."

Bi Mwanasaumu akamtazama.

"Nitalipa kodi kama mtu mwingine yeyote," Nyevu akasema haraka. "Mwalimu ametufundisha biashara ni biashara, hata kwa jamaa. Na umeme nitajitegemea. Wewe nyuma, mimi mbele."

Bi Mwanasaumu akalitengeneza buibui lake magotini, likakaa sawa, akalitengeneza tena. Kisha akauliza kodi ataileta tarehe ngapi, maana yeye hapendi mpangaji wa kumkumbusha kila mwezi, na huku akiuliza hivyo machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakujisumbua kuyafuta.